Kima wa Taa kwa Kima cha Chini

Nianze na aibu yangu. Mwezi wa tano nilisimama dakika ishirini nzima mbele ya taa ya kima wa rezini, ile plastiki ngumu ya kumwagwa, katika duka moja la vitu vya nyumba upande wa Westlands, Nairobi, nikimwangalia kama niliyepotelewa na ndugu. Alikuwa amekaa kitako, mguu mmoja kaukunja, mkono mmoja kaunyoosha, kashika balbu. Basi, hana kazi nyingine. Lakini ile namna alivyoishika, kama mtoto aliyeiba embe akasikia mwenye shamba anakohoa, ilinichekesha peke yangu hadi kijana wa dukani akasogea karibu. Nikageuza kile kikaratasi cha bei. Shilingi 41,500, balbu mbali.

Kodi yangu Donholm ni 26,000 kwa mwezi. Huyo kima anakula kodi ya mwezi mmoja na nusu na ushei, na hata hapiki. Nikamwambia kijana nitarudi. Akaitikia "karibu tena mama" kwa adabu ya mtu aliyeaga wengi wa aina yangu.

Wazo lenyewe si la jana. Taa za nyani wa namna hii zilienezwa na kampuni ya Kitaliano iitwayo Seletti, kwa ubunifu wa msanii Marcantonio, na siku hizi unaziona kila pahali, za asili na za kuiga. Na Seletti ni watu wa bei nafuu ukiwaweka karibu na Mfaransa François-Xavier Lalanne, ambaye mwaka 1965 alijitokeza Paris na kundi la kondoo wa kukalia, wenye sufu na magurudumu miguuni. Mwaka 2011 kondoo kumi wa Lalanne waliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 7. Kondoo! Nina mjomba Msambweni ana kumi na wanne walio hai, na hajawahi kuombewa hata picha.

Basi nikaamua nitampata kima wangu kwa kima cha chini. Hapo lugha ikaanza kunichezea. Kwetu Pwani kima ni yule mnyama wa kijivu mwenye shingo nyeupe anayeshuka kwenye miembe. Nairobi ukisema unatafuta kima, mtu anakuelekeza buchari. Mfanyakazi mwenzangu alinipa nambari ya simu ya jamaa anayesaga nyama nzuri ya sambusa. Mwingine akaniuliza kama naenda Nyamakima, ule mtaa wa katikati ya jiji. Ilibidi niwe nasema "kima wa City Park", ile bustani ya Parklands, na hapo kila mtu anaelewa, maana wale hawana mgeni. Ukienda pale Parklands na ndizi mkononi utatoka na mkono mtupu.

Haya ninayoandika ni ya wiki sita za Jumamosi na jioni za hapa na pale. Nimetaja bei nilizolipa mimi, kwa mdomo wangu wa Kimombasa. Wako unaweza kukupa zaidi au pungufu.

Nilianzia Soko la Kimasai kama kila mtu. Kwa asiyelijua, hilo si soko la mahali pamoja. Ni wauzaji wanaohama na siku: Ijumaa wako Village Market kule Gigiri, siku nyingine unawakuta kwingine mjini. Unapoingia tu kuna mtu atakupa kikapu. "Chagua tu mama, bei tutaongea mwisho." Usichukue kikapu. Huyo si mwenye bidhaa, ni dalali, na mwisho atakuandikia hesabu kwenye kikaratasi, yake na ya wenye mali, na wewe ushabeba vitu saba umeona haya kuvirudisha. Mimi nilichukua, nikajua baadaye. Nilirudisha vitano.

Tatizo la soko lile kwa shida yangu halikuwa bei. Wanyama wako tele, lakini wote ni wanyama wa heshima. Tembo kanyanyua mkonga. Twiga kasimama wima. Kifaru anakwenda. Simba kalala, na hata kalala kama waziri. Utafikiri wote wamepanga foleni ya picha ya kitambulisho. Nilichokuwa natafuta ni mnyama aliyefumaniwa akifanya jambo, na ukimwuliza muuzaji mnyama wa kuchekesha anakuletea tembo mdogo zaidi.

Isipokuwa kiboko mmoja. Kiboko wa jiwe la Kisii, rangi ya waridi iliyofifia, mkubwa kama mkate wa nusu kilo, kafungua mdomo kidogo tu upande mmoja, kama mtu anayetaka kusema neno kwenye mkutano akaghairi. Sidhani mchongaji alikusudia. Nadhani jiwe lilikuwa na kasoro akaikwepa. Bei ya kwanza 1,200, nikaanza na 200, tukakutana 400. Huyo yuko juu ya stendi ya televisheni mpaka leo, na kila mgeni anamgusa.

Jiwe lile linachimbwa Tabaka, kaunti ya Kisii, na ni laini, ukucha unaweza kuacha alama. Wanalichonga, wanalisugua kwa msasa na maji mpaka linateleza, kisha wanalipaka nta. Msidhani ni kazi ya kuuzia watalii tu: Elkana Ong'esa, mchongaji wa hukohuko Tabaka, ana ndege wake wa jiwe amesimama makao makuu ya UNESCO, Paris. Ulaini huo ndio raha yake na ndio balaa yake pia. Mwanangu alimwangusha kiboko wiki ya pili, sikio likatoka. Gundi ya matone mawili likarudi, mshono unauona ukijua pa kutazama. Kwa mia nne sina malalamiko.

Karen nilikwenda kwa watu wa Ocean Sole, wale wanaotengeneza wanyama kwa ndala zilizookotwa ufukweni. Hapa niseme ukweli, moyo wangu uliyumba. Ndala zinaoshwa, zinagandishwa pamoja kwa gundi, zinachongwa kwa kisu kisha zinasuguliwa, na ile mistari ya rangi unayoiona ubavuni mwa mnyama ni soli za watu, ya bluu, ya njano, ya waridi. Mimi nimekulia pwani, najua ndala zilizotupwa na maji zinavyokaa, moja moja, zote za mguu wa kushoto utafikiri. Kumwona twiga mrefu kunishinda aliyetoka kwenye takataka ile kulinipa furaha isiyo na maelezo. Wakubwa wana bei ya wakubwa, na ukiona saa zinazoingia humo hubishani. Vile vidogo vya kiganjani nilivimudu, nikamnunulia mwanangu kobe. Ni mnyama pekee nyumbani kwangu anayeanguka bila mtu kupiga kelele. Lakini ndala na taa ya umeme haviendi pamoja, na mimi nilikuwa bado nataka kima wangu ashike taa.

Mtu akanishauri mitumba. Toi Market, akasema, kuna wanasesere wa wanyama wa plastiki, unanunua unapaka rangi ya dhahabu ya kupuliza, hakuna atakayejua. Nilipata sokwe kwa shilingi 150 na dinosaria wawili kwa 100, nikanunua kopo la rangi, nikawapulizia kwenye roshani siku ya Jumapili. Dinosaria walikubali vizuri, mmoja nimemfanya kishikio cha vitabu na bado namsifu. Sokwe alikataa. Alikuwa wa ile plastiki laini inayobonyea, na rangi juu yake haikukauka Jumatatu, wala Jumanne, wala Ijumaa. Ilibaki inanata kama sharubati iliyomwagika, ikakusanya vumbi la Donholm na nywele za paka wa jirani. Ukifanya mchezo huu chagua plastiki ngumu inayolia ukiigonga na ukucha. Ile laini ina mafuta yake ndani, ndiyo yanayoiharibu rangi. Sokwe alikwenda na gari la taka akiwa na manyoya, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Wa vyuma sitakaa nao sana ingawa ndio wanaopendeza zaidi kwa macho. Ukipita Ngong Road kuelekea Karen utawaona kando ya barabara, korongo, mbuni, kanga waliokatwa kwenye mabati ya mapipa wakatiwa madoa meupe. Kuna wasanii wakubwa katika kazi hii, Kioko Mwitiki kajulikana mpaka ng'ambo kwa tembo wake wa vyuma chakavu. Mimi, kabla ya msako huu, nilikuwa nimenunua kanga mmoja, 1,800, wa kuweka roshani. Ana kichwa kidogo na mwili mkubwa na miguu ya nondo, na upepo ukivuma anatikisika kama anayekubali kila unalosema. Mvua za vuli mwaka jana zilimpiga mwezi mmoja tu akaanza kutoka machozi ya kutu, yakaingia kwenye saruji ya mwenye nyumba. Kumbe alipakwa rangi ya juu bila ile nyekundu ya kuzuia kutu chini. Siku hizi nauliza kabla ya kulipa, na namkwaruza kidogo chini ya mguu nione. Halafu pitisha kidole kila ukingo. Kama una mtoto wa umri wa kukimbia, bati lisilopigwa tupa ni kisu.

Kwa hiyo nikaishia Gikomba, na hapo ndipo habari yenyewe ilipo.

Wengi wanajua Gikomba ya nguo. Wachongaji wako upande wao, Wakamba wengi, na unawafikia kwa masikio kabla ya macho: tezo ikipiga mti, ko, ko, ko, kwa mapigo yasiyolingana, kila mtu na yake. Uchongaji huu una kisa chake. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani, alipelekwa Tanganyika na jeshi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza kwa wachongaji wa huko, akarudi nao ujuzi, na Wamunyu ikawa kijiji cha vinyago. Huyo mzee niliyempata mimi alizaliwa huko. Alikuwa amekaa chini juu ya gunia, gogo kalibana kwa nyayo mbili, na tezo inashuka nusu shibiri kutoka vidole vyake. Nilishindwa kutazama na nikashindwa kutotazama.

"Karibu mwaitu. Twiga?" Mwaitu ni mama kwa Kikamba.

"Sitaki twiga baba. Nataka kima."

"Kima." Akaweka tezo chini.

"Kima ameshika taa."

"Kima na taa ni wapi na wapi?"

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaichukua kwa ncha za vidole kwa sababu ya vumbi, akaivuta ikawa kubwa, akatazama mkono wa yule kima wa rezini kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama mimi. Halafu akanirudishia.

"Huyu ni wa kumwagwa kwenye kalibu. Wa kumwagwa unamkunja upendavyo. Mti una njia yake."

Akaokota kipande cha mjakaranda akanionyesha nyuzi za mti zinavyopanda. Mkono ukinyooshwa kwenda mbele, akasema, unakata njia ya mti, utakuwa kama biskuti, siku ya kwanza mtoto akiuning'inia unabaki naye mkononi. Mkono lazima upande juu pamoja na mti. "Basi huyu wako hatakuwa ananyoosha. Atakuwa ameinua, kama mtoto anayejua jibu." Nikacheka. Hapo nikajua nimepata fundi.

Swali lake la pili lilikuwa, "Na mkia uende wapi?" Mimi sikuwa nimefikiria mkia hata kidogo. Yule wa dukani ana mkia wa kujikunja pembeni, wa mapambo. Mzee akachora chini kwa kidole: miguu miwili na mkia umeteremka nyuma ukagusa chini, hivyo kima anasimama kwa vitu vitatu, hatikisiki, na waya wa umeme utashuka kwa mgongo na kufuata mkia, hautaonekana kwa mbele. Kwa shilingi 41,500 hakuna aliyenifikiria hivyo.

Bei: alitaka 4,500. Tulipatana 3,200, nikatuma 1,000 kwa M-Pesa ya kuanzia. Akasema wiki mbili. Nilihesabu tatu, zikawa nne kasoro siku, na katikati nilikwenda mara moja nikamkuta kima ana kichwa na mabega tu, kazama kiunoni kwenye gogo kama anayeoga. Hiyo safari haikuwa ya lazima, ila nawashauri muifanye. Pale ndipo nilipoona uso.

Uso ulikuwa umekasirika. Nyusi zimeshuka, mdomo umefungwa, mashavu yamejaa. Mfano halisi wa mtu aliyebishiwa hodi na mwenye nyumba tarehe 6. Nikamwambia mzee kwa upole kwamba nilitaka anayecheka.

"Kima hacheki, mwaitu. Ukiona meno yake, anataka kukuuma."

Nikakumbuka miembe ya kwetu, nikanyamaza, maana ni kweli. Kima akikuonyesha meno unarudi nyuma. Wale wa rezini wanaotabasamu wamechongwa na watu ambao hawajawahi kugombania chakula na kima. Nikamwachia uso wake, na leo naona ndio unaombeba. Kashika taa juu, kanuna, kama aliyeambiwa ashike dakika moja tu na mwenyewe hajarudi.

Tundu la waya alilipitisha kwa nondo nyembamba iliyochomwa motoni ikawa nyekundu, kidogo kidogo, kutoka kiganjani kushuka mpaka kwapa, moshi ukitoka kwenye mkono wa kima utadhani anaunguzwa kwa kosa. Kazi ya mchana mzima. Kumaliza alimsugua kwa msasa wa namba tatu tofauti, kisha rangi ya viatu, ile isiyo na rangi, akaing'arisha kwa kitambaa.

Na hapo kwenye rangi ya viatu nina neno. Ukiambiwa kinyago ni mpingo, lowesha kitambaa usugue chini ya miguu. Kikitoka cheusi, umenunua mti wowote na kopo la rangi ya viatu. Mpingo wenyewe ni mzito, unazama majini, na siku hizi ni adimu. Mzee wangu hakunificha. Alisema mpingo hana, muhugu umeisha, kazi yake ni mjakaranda na mwarobaini na mwembe, miti inayokua haraka. Mjakaranda ni mweupe na mwepesi, na kwa sanamu ya kusimama juu ya meza mimi nauona bora. Na kama kuna mtu atakunong'oneza mahali popote kwamba ana "pembe halisi" au ngozi ya kitu, ondoka mbio. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mchezo, na nchi hii ilichoma tani 105 za pembe za ndovu pale mbuga ya Nairobi mwaka 2016, mbele ya dunia. Hutaki kuwa mfano wa pili kwa ajili ya pambo la sebuleni.

Umeme niliumaliza Luthuli, barabara ya maduka ya vifaa vya umeme, siku moja baada ya kazi: holda 80, waya mita tatu 180, plagi 120, swichi ya kamba 100, balbu ya LED ya wati tano 250. Chukua LED, tafadhali. Balbu za zamani zinachemka, na mkono huu ni mti uliopakwa nta. Jirani yangu wa ghorofa ya pili ni fundi wa stima, aliunganisha kwa sahani ya pilau.

Kasoro ipo, na ingekuwa si haki nisiiseme. Siku ya tisa nyumbani nilisikia "tak" usiku, nikadhani ni kabati. Asubuhi kima ana ufa kutoka bega mpaka kiuno, wa kuingia sarafu. Mti haukuwa umekauka vya kutosha, na mimi nilimweka karibu na dirisha linalopigwa na jua la jioni. Mzee alikuwa ameniambia nimweke mwezi mmoja kwenye kivuli, amefunikwa gazeti, aache maji polepole. Nilisikia, sikutii, maana nilitaka wageni wa Jumamosi wamwone. Nikampakia kwenye matatu tena, kwenye mfuko wa gunia, kichwa nje. Kondakta aliniuliza kama analipa nauli. Mzee hakunilaumu wala hakunitoza. Alichanganya unga wa mti uleule na gundi ya mbao, akaujaza ufa, akasugua. Ukimwangalia sana utaona mstari mweusi kidogo, kama kovu la upasuaji.

Jumla yangu basi: 3,200 ya kuchonga, 730 ya umeme, kopo la rangi ya viatu 150 la kumng'arishia mwenyewe, na matatu za kwenda na kurudi Gikomba kama 480. Elfu nne mia tano na sitini. Ukiwa na haraka, hii si njia yako. Ukiwa na picha kichwani ambayo hutaki ibadilike hata kidogo, pia si njia yako, kwa sababu kima niliyemwagiza si huyu niliyempata. Huyu ana akili zaidi. Na kama unataka tu kitu cha kuchekesha ufike nacho nyumbani leo, tembea na mia tano mfukoni utafute kiboko mwenye kasoro mdomoni.

Mama alikuja kutoka Msambweni wiki ya mwisho wa mwezi wa saba. Alimkuta kima mlangoni, kawaka. Mama ni mkulima, mahindi yake yameliwa na kima tangu kabla sijazaliwa. Akaweka mizigo chini, akamzunguka, akamtazama ule uso.

"Kwetu tunawafukuza kwa makopo, mwanangu. Nyinyi huku mnawanunulia taa."

Usiku nilipotoka chumbani kunywa maji nikakuta sebule ina giza. Alikuwa amemfunika leso nzima, kichwa mpaka mkia.

Lakini siku ya kuondoka aliniuliza kama yule mzee anachonga na mbega. Mbega hawagusi mahindi yake, na mama anawapenda, anasema wanatembea kama mashehe. Nikarudi Gikomba Jumamosi iliyopita. Kibandani pamepangwa kima wanne, mikono juu, wote wamenuna, kila mmoja na tundu kiganjani. Mzee akanitazama bila kupepesa.

"Elfu tano na nusu, mwaitu. Hawa wanapendwa sana."

Tulibishana mpaka chai ikaletwa. Nimeacha 1,000 ya mbega wa 3,800, wa mjakaranda, mkia mrefu. Weupe atauacha wa mti wenyewe, na weusi, mzee ameniambia mwenyewe huku anacheka, atapaka rangi ya viatu.